Gari la Mguu Mmoja

Mkono wa kushoto wa baba yangu uliishi mfukoni. Asubuhi akishavaa suruali, anaushika kwa mkono wa kulia kama anashika kitu cha mtu mwingine, anauingiza mfukoni, na humo unashinda mpaka jioni. Wateja waliokuja dukani kwetu Kariakoo kununua vifungo, zipu na uzi walidhani ni maringo tu ya Mchaga mwenye duka lake. Anapima lastiki kwa mkono mmoja, anakata kwa mkono mmoja, anarudisha chenji kwa mkono huohuo. Mimi, binti yake, nilisimama naye kaunta moja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuyamaliza haraka yale yanayotaka mikono miwili kabla mtu hajaona.

Kiharusi ndicho kilichomfanya hivyo. Kilimpiga miaka ile ambayo hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya foleni, tukamlaza hospitali, tukalia, akapona. Uso ulirudi mahali pake na maneno yakarudi, tena makali kama zamani. Ila upande wa kushoto ulibaki mzito. Mguu aliuburuta kidogo na mkono ulitetemeka. Mguu hakuuonea haya, maana mjini wanaoburuta miguu ni wengi. Mkono ndio aliouonea haya. Kwa nini, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Baba yangu hakuwa mtu wa kuulizwa mambo ya namna hiyo.

Kabla ya kuugua alikuwa na pikapu. Baada ya kuugua, mguu wa kushoto ulikataa katakata kukanyaga klachi, na pikapu ikauzwa. Kwa miezi kadhaa alikaa dukani kama mtu aliyefiwa. Basi alikuwa hapandi, eti watu wanasukumana, lakini mimi nilijua ni kwamba ndani ya basi unahitaji mkono wa kujishikilia. Akawa haendi popote. Mtu aliyekuwa akitoka asubuhi kwenda bandarini, mchana yuko Magomeni, jioni yuko Ilala, sasa akabaki kuhesabu nzi dukani. Iliniuma sana, na mimi kitu kikiniuma huwa nakuwa mkali. Niligombana na nusu ya wateja wetu mwaka ule.

Aliyemwokoa ni jirani yetu wa ghorofani, mzee wa Kihindi aliyekuwa na biashara ya viungo. Yeye mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba tangu utotoni kwa ugonjwa wa polio, na kwa sababu hiyo alikuwa na gari la otomatiki, lile lisilo na klachi, unaweka gia mara moja na mguu wa kulia unafanya kazi yote. Wanawe walikuwa wamehamia Ulaya na sasa walimwita awafuate. Siku moja alishuka ngazi na ufunguo mkononi na kopo kubwa la bati kwapani.

"Mangi," alimwambia baba, kwa maana Kariakoo nzima Mchaga mwenye duka anaitwa hivyo, "hii gari ya mguu moja. Mimi mguu moja, wewe mguu moja. Chukua."

Walielewana bei palepale kwenye kaunta. Kisha akaligonga lile kopo kwa kidole. Ndani mlikuwa na oili ya giaboksi, nyekundu kama juisi ya ubuyu, akasema hiyo ndiyo chakula cha gari hili, usije ukaweka nyingine. "Na kila siku tazama kijiti," akasema. "Kila siku, Mangi. Oili ikipungua, giaboksi kwisha."

Baba aliyachukua maneno yale kama amri ya kanisani. Kila asubuhi aliliwasha gari mbele ya duka, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti kirefu cha kupimia oili. Kijiti lazima ukifute kwanza, ukirudishe, ukichomoe tena ndipo usome. Sasa kufuta kijiti ni kazi ya mikono miwili. Baba akabuni njia yake. Pale barazani kwetu alikaa fundi cherehani, mzee wa Kizaramo kutoka Kisarawe, na kando ya cherehani yake palikuwa na kikapu cha mabaki ya vitambaa. Baba anaokota kipande, anakitandika juu ya bati la gari, analaza kijiti juu yake na kukiviringisha kwa mkono wa kulia kama mtu anayesukuma chapati. Kijiti kinatoka kimekauka. Mkono wa kushoto unabaki mfukoni, umetulia, hakuna aliyeuona.

"Mangi, hilo gari linanawa uso kuliko wanangu," fundi cherehani alikuwa akimtania.

"Wanao wanaendesha watu?" baba anamjibu. "Wakianza kuendesha watu tutawanawisha."

Walikuwa marafiki, wale wawili, kwa namna yao ya kusemana. Ndiyo maana mafuta ya cherehani yalipopotea madukani, fundi hakusita kumwomba baba matone mawili ya ile oili nyekundu. Ilikuwa nyepesi, haikugandisha, cherehani ilikimbia kama mpya. Kesho yake akaja fundi wa duka la pili. Kesho kutwa akaja wa kona. Baba hakuwa mkarimu kwa mambo mengi, tusidanganyane, lakini mafundi cherehani ndio walionunua vifungo vyetu, na cherehani zikisimama duka nalo linasimama. Akawa anawamiminia kwenye chupa za soda. Miaka ikaenda. Mtaa mzima ukawa unashona kwa oili ya giaboksi, na mimi sikuona ubaya wowote.

Gari lilimrudisha mjini. Alikwenda hadi Magogoni kutazama watu wakivuka na pantoni, bila haja yoyote, ila tu kwa kuwa anaweza kwenda. Jumapili tulikwenda kanisani na kurudi mapema, kwa sababu siku hizo Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Nilikuwa nakaa kando yake nikimtazama mkono wa kulia ukivuka usukani kwenda kuweka gia iliyoko kushoto. Njiani alikuwa akiimba. Jamani, baba yangu akiimba! Sauti mbaya, lakini nilikuwa nafurahi mpaka machozi.

Halafu akaja baba mkubwa.

Baba mkubwa ni kaka yake baba, aliyebaki kwetu juu ya Moshi akilima kahawa. Alikuja katikati ya mwaka, akakaa kwetu wiki nzima, akala, akashiba, na siku ya kuondoka ndipo akatoa lililomleta. Ukoo umekaa, akasema. Ukoo umeona huyu ndugu yetu ni mgonjwa, hafai kuhangaika mjini. Krismasi ikifika aje nyumbani, akae kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, pamoja na mkewe, apumzike. Duka litashikwa na mtoto wake yeye baba mkubwa.

Mimi nilichemka. Mama alikuwa huko juu miaka yote akitunza migomba na ng'ombe, na yeye hakuulizwa. Mimi niliyekuwa nalishika duka hilo kwa mikono miwili sikuulizwa. Nilifungua mdomo, baba akanitazama, nikaufunga.

"Nani amesema mimi ni mgonjwa?" baba akauliza.

"Mtu asiyeweza kujisafirisha ni mgonjwa."

"Krismasi nitakuja naendesha mwenyewe. Na nitaondoka naendesha mwenyewe."

Baba mkubwa alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Ukiingia uani kwangu umeshika usukani, hakuna atakayefungua mdomo. Ukija na basi, umekuja kubaki." Wakapeana mikono, ya kulia, na neno likawa limefungwa.

Novemba giaboksi ikaanza vituko. Asubuhi baba anaweka gia, gari linakaa, linafikiri, kisha linaruka mbele kwa mshtuko. Baadaye tukawa tukitoka Jangwani kupanda kale kamwinuko ka kwenda Magomeni, injini inapiga kelele kama inachinjwa na gari haliendi. Watoto wa shule walikuwa wakitupita kwa miguu. Oili kwenye kijiti ilikuwa imeacha wekundu, imekuwa ya kahawia, inanuka kuungua. Baba aliongeza bidii tu. Badala ya kutazama kijiti mara moja kwa siku, akawa anakitazama asubuhi na jioni, kila mara na kitambaa kipya.

Tulikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi magari. Alikuwa kijana mzuri mwenye adabu, lakini alipoona ni otomatiki alirudi nyuma hatua kama ameona nyoka. Mafundi wengi wa wakati ule waliyaogopa magari hayo. Alilizunguka, akachungulia chini, akajifuta mikono.

"Mzee, mimi ningekushauri kitu kimoja," akasema. "Hii giaboksi tuitoe. Ninayo ya kawaida, ya klachi. Nitakutobolea hapo niweke pedali ya tatu, utasahau shida zote."

Baba akatazama pembeni, kule kwenye chuma chakavu. Yule kijana akadhani anafikiria bei, akaanza kueleza jinsi klachi ilivyo rahisi, unakanyaga hivi, unaachia hivi, na mguu wake wa kushoto mzima unakanyaga hewani. Hapo nikashindwa.

"Wee! Nani amekuuliza habari ya klachi?" nilimfokea. "Tumekuja hapa kununua pedali? Ungetaka kutengeneza baiskeli si ungekaa na baiskeli! Gari hili halitaki klachi na mwenye gari hataki klachi. Kama unaogopa kulifungua, sema unaogopa!"

Gereji nzima iligeuka. Fundi alinitolea macho. Baba akaniambia polepole, "Mama, taratibu." Aliniita mama alipotaka ninyamaze, lakini safari hii sauti yake ilikuwa na shukrani ndani yake, na niliisikia.

"Naogopa," fundi akasema. Akacheka mwenyewe. "Haya, dada, naogopa. Lakini oili yake naweza kumwaga, na nasikia ndani kuna chujio. Nikikuta limeharibika sina jingine, na mjini hakuna. Njooni Jumapili asubuhi na oili mpya."

Oili mpya! Nilikwenda stoo kulitafuta kopo la mzee wa Kihindi. Nikalinyanyua kwa nguvu nikitegemea uzito, nikataka kuanguka kwa nyuma. Lilikuwa jepesi. Robo tu ndiyo iliyobaki, chini kabisa.

Basi Jumamosi ile nilizunguka mtaa kwa mtaa. Nilijifunga kanga kiunoni nikabeba sufuria, nikaingia kila baraza yenye cherehani. "Shikamoo, naomba ile oili." Wengine walinipa bila neno. Mmoja wa kona alikumbatia chupa yake. "Dada, zawadi mliyonipa sasa mnanidai?" Nikamwambia, "Si kukudai, nakuomba, na nikimaliza kuomba nitaichukua." Akacheka, akanipa, na akaniwekea na vitumbua kwenye karatasi. Fundi wetu wa barazani alitoa chupa nzima ambayo hakuwahi kuifungua, aliyokuwa ameificha chini ya vitambaa. Nilipofika nyumbani sufuria ilikuwa nyekundu hadi kwenye masikio. Nikaichuja kwa chujio la chai la waya, nikairudisha koponi, na kopo likajaa karibu kufika shingoni.

Jumapili tulitangulia gereji badala ya kanisa. Fundi cherehani alikuja nasi, kwa sababu gasketi ya kuziba bakuli la chini la giaboksi haikupatikana popote, na fundi magari alisema itabidi ikatwe kwa boksi gumu. Kukata, mzee wa Kizaramo alisema, hiyo ni kazi yake. Alikuja na mkasi wake umefungwa kwenye leso.

Gari likapandishwa juu ya mawe na jeki. Fundi akaingia chini akaanza kulegeza bolti. Oili ikatoka nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Akaliteremsha bakuli, akalimwaga kwenye debe, kisha akaingia tena akatoa kitu cha bati, bapa, chenye wavu wa waya upande mmoja. Ndilo chujio lenyewe. Akalitoa juani na wote tukainama.

Wavu haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na kitu kama utando wa manyoya, mzito, unateleza. Fundi akachokoa kwa bisibisi, ukabanduka kipande.

"Hii nini tena?" akasema. "Chuma hakisagiki hivi. Hii kama pamba."

Mzee wa Kizaramo alikipokea kile kipande. Akakivuta kwa vidole vyake vya ushonaji, akakipeleka kwenye mwanga, akakisuuza kidogo kwenye petroli iliyokuwa kwenye kopo. Ikatoka rangi.

"Hii khaki," akasema. "Khaki ya kaptula za shule, hii ni yangu." Akavuta uzi mwingine. "Hii poplini nyeupe. Hii ni kitenge cha yule bibi harusi wa Mchikichini, si mnakumbuka, ile rangi ya machungwa." Alikuwa amefurahi kabisa, kama mtu aliyekutana na jamaa zake ugenini. Kisha akakishusha kile kipande. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama baba.

Baba alikuwa amekwisha elewa. Alisimama wima, uso umekauka. Kila asubuhi kwa miaka yote ile, kijiti kilitoka kwenye kitambaa kikiwa na nyuzi mbili tatu zisizoonekana, kikarudi ndani. Na tangu gari lianze kuumwa, mara mbili kwa siku.

"Ni mimi," akasema.

"Mzee, ni vitambaa," fundi akasema haraka.

"Ni mimi. Nimelilisha nguo."

Hakuna aliyecheka. Ningekuwa nimesimuliwa na mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini, lakini nilitaka kulia. Lile gari alilipenda kuliko alivyowahi kusema anampenda mtu, na alikuwa akilinyonga kila siku kwa mkono wake mzuri, kwa sababu hakutaka kuutoa ule mbaya.

Fundi aliliosha chujio kwa petroli, akapuliza, akaosha tena, mpaka tukauona wavu wa shaba ukimetameta na mwanga ukapita upande wa pili. Halikuwa limetoboka. Mzee wa Kizaramo aliliweka bakuli juu ya boksi, akachora kwa chaki yake ya nguo, akakata gasketi moja safi na matundu yake yote, akaipaka grisi. Nikaleta kitambaa kufuta bakuli. Wanaume watatu wakanipigia kelele kwa pamoja.

"Aaah! Kitambaa hapana!"

Basi fundi akalifuta kwa kiganja chake. Akafunga kila kitu, akalishusha gari, akamimina oili ya mtaa mzima kupitia tundu la kijiti. Akamwambia baba aliwashe. Kisha akachomoa kijiti mwenyewe, akakipitisha katikati ya vidole viwili, shaa, kikatoka kikavu.

"Hivi, mzee. Kuanzia leo futa kwa vidole. Vidole havitoi nyuzi. Mkono huu shika, mkono huu futa." Akampa kijiti.

Baba alikipokea kwa mkono wa kulia. Akasimama nacho. Oili ikatiririka polepole mpaka ncha, ikadondoka kwenye kiatu chake cha kanisani. Mkono wa kushoto haukutoka. Nikaona ukisogea ndani ya mfuko, kisha ukatulia. Nikasogea haraka nikapitisha vidole vyangu kwenye kijiti kama vile ndivyo tulivyozoea siku zote.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Baba aliweka gia na gari likaondoka palepale, laini, kama linavutwa kwa kamba. Tukapita Jangwani, tukapanda kwenda Magomeni na kugeuza, halikupiga kelele hata kidogo. Mzee wa Kizaramo kiti cha nyuma alipiga makofi. Baba hakuimba. Tulipofika nyumbani alizima injini akakaa kidogo na ufunguo mkononi.

"Kila asubuhi nitakufutia mimi," nikamwambia.

"Na uani kwa kaka yangu," akasema bila kunitazama, "utanifutia wewe?"

Nikashuka, nikaenda kunawa ile oili vidoleni.

Wiki zilizofuata nilimfutia. Yeye anashika, mimi napitisha vidole, yeye anarudisha, anachomoa, anasoma. Hatukuzungumza habari hiyo tena. Krismasi ilipokaribia tulifunga duka, tukapakia sukari tuliyoidunduliza, kanga za mama na petroli ya akiba, tukaondoka alfajiri. Alisimama Chalinze, akasimama Korogwe, akasimama Same kunyoosha mguu. Kila kilima nilishika kiti kwa nguvu, na kila kilima gari lilipanda. Jioni jua bado lipo tukaingia kwenye njia ya migomba, watu wote wamesimama kando kuona nani amekuja na nini, kama ilivyo desturi ya kwetu Desemba. Baba akakata kona kwa mkono mmoja akaingia uani kwa kaka yake. Mama alitoka mbio, akaupiga mlango wa gari kwa viganja vyake viwili huku akicheka. Baba mkubwa alisimama barazani. Aliangalia ule mkono ulioingia mfukoni mara tu baba aliposhuka.

Asubuhi ya Krismasi nilichelewa kutoka. Nilikuwa jikoni na mama tukichemsha kahawa, nikasikia injini. Nikatoka na kikombe mkononi. Boneti lilikuwa wazi, na wanaume wa ukoo, kama kawaida ya wanaume na boneti, walikuwa wamekwisha lizunguka, baba mkubwa mbele yao. Baba alikuwa amevaa suruali yake mpya ya krimu, aliyoshonewa barazani kwetu kwa siku ile. Kijiti kilikuwa mkononi, kinachuruzika.

Nikaweka kikombe chini nikaenda mbio.

"Kaa hapo hapo, mama," baba akasema.

Nikasimama. Baba akautoa mkono mfukoni. Ulitoka polepole, umepinda, mweupe kidogo kwa kukosa jua, unatetemeka mbele ya kaka yake na watoto wa kaka zake. Akavikusanya vidole viwili kwenye kijiti. Vikateleza. Akavirudisha, akauma meno, akavuta. Kijiti kikatoka kikavu. Akakirudisha ndani, akakichomoa, akakisoma.

"Iko sawa," akasema.

Baba mkubwa alikuwa bado anautazama mkono. "Umekuwa hivyo tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu siku ile ya kiharusi."

Baba mkubwa akatoa leso yake mfukoni, leso safi ya Krismasi, akamnyooshea. Baba akaitazama, akatabasamu.

"Kwa vidole ni sawa," akasema. "Kwenye kijiti ndiko isiende."

Akajifuta, lakini oili ile haitoki kwa leso. Vidole vilibaki vyekundu, na suruali ilikuwa ya krimu. Nikamwona akiupeleka mkono mfukoni kwa mazoea, akauona ule wekundu, akausimamisha. Hakuwa na pa kuuweka. Habari ya duka haikutajwa siku ile, wala siku tulipoondoka, yeye akiwa kwenye usukani. Palepale uani, mama alikuja na kile kikombe cha kahawa nilichokiacha chini, akamwekea kwenye mkono uleule, akavikunja vidole vyake juu ya sikio la kikombe, kimoja kimoja, na kahawa ikamwagika kidogo, na baba akanywa.